Verckys: mpuliza saksafoni aliyenunua nyumba ya muziki

Ukitaka kuwasha ubishi kwa wastaafu wa kambi ya polisi ya Nsambya, usiwaulize habari za siasa wala za klabu ya soka ya SC Villa. Waulize ni nani mpuliza saksafoni bora kuliko wote waliowahi kusikika mjini Kampala. Vijana waliokulia kwenye redio za FM watamtaja Isaiah Katumwa, na wana haki yao, kwani ndiye aliyeifanya jazi ya saksafoni iwe kitu cha mtu kuvalia suti na kununulia tiketi. Wa umri wa kati watamtaja Moses Matovu wa Afrigo Band. Wazee watawaacha wote wamalize, kisha watamtaja mtu aliyekuwa akiishi Kinshasa, nchi nyingine kabisa: Verckys.

Mimi niko upande wa wazee, ingawa sababu zangu si zao. Wao wanasifia pumzi yake. Mimi nasifia daftari lake la hesabu.

Kwanza mahali penyewe. Nsambya ni kilima cha Wakatoliki. Wamisionari wa Mill Hill walifika mwaka 1895, na hospitali iliyoanzishwa hapo na Mother Kevin mwaka 1903 ingali inapokea wagonjwa hadi leo. Lakini chini ya msalaba huo palikuwa na Nsambya nyingine, ya polisi na ya watu wa reli, wengi wao wageni kutoka kaskazini, mashariki na Kenya. Ndani ya kambi, Mteso, Mlugbara na Mwacholi walikaa mlango kwa mlango katika yuniporti, vile vibanda vya duara vya bati vinavyochemka mchana na kuganda usiku. Kiswahili kilikuwa lugha ya gwaride, ya utani na ya kugombania bomba la maji. Muziki nao ulikuwa wa Kilingala, lugha ambayo hakuna aliyeijua sawasawa na kila mtu aliimba.

Nilikokulia kambini, jirani yetu mmoja alikuwa mpulizaji katika bendi ya polisi. Alianika kipande chake cha mwanzi dirishani, kile kijiti chembamba kinachofungwa mdomoni mwa saksafoni, na ole wake mtoto aliyekigusa. Kabla ya kupuliza alikitia kinywani kama mtu anayenyonya mfupa, akakilainisha kwa mate, ndipo akakifunga. Kijiti kikipasuka, afande alikuwa bubu hadi serikali imnunulie kingine. Saksafoni yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa na namba ya ghala, na siku ya kustaafu aliirudisha pamoja na buti na mkanda. Sijui kama kuna namna bora ya kueleza maisha ya wapulizaji wengi wa Afrika Mashariki na Kati: pumzi yao, bomba la mwingine.

Georges Kiamuangana Mateta alizaliwa tarehe 19 Mei 1944 huko Kisantu, katika Kongo ya Chini, magharibi mwa nchi iliyokuwa bado koloni la Ubelgiji. Naye alianzia kwenye bomba la mwingine. Shule yake ya muziki ilikuwa bendi ya tarumbeta ya Wakimbangu. Simon Kimbangu, nabii wao, alikamatwa na Wabelgiji mwaka 1921 na kuhukumiwa kifo, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, naye akafia gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Kanisa lake halikutambuliwa rasmi mpaka Desemba 1959. Waumini wake walishika tarumbeta na filimbi kwa bidii iliyozidi ile ya bendi yoyote ya kijeshi, na katika gwaride lao kijana Georges alijifunza filimbi, kisha klarineti, hatimaye saksafoni. Jina la jukwaani alilipata kwa mpuliza saksafoni wa Marekani, King Curtis, ambaye alimpenda mno. Alilisikia jina hilo kombo, akalishika hivyohivyo: Verckys.

Mwaka 1963, akiwa na miaka 19 tu, aliingia bendi ya OK Jazz.

Hapa msomaji anayeijua rumba atanielewa upesi. Rumba ya Kongo ni ufalme wa gitaa. Mwimbaji huleta maneno, wapulizaji hupamba, lakini wimbo ukifika kwenye sebene, pale watu wanapoacha kusikiliza na kuanza kucheza, gitaa ndilo linalotawala. OK Jazz yenyewe, iliyozaliwa Juni 1956, ilianza chini ya mpulizaji, Jean Serge Essous wa Brazzaville. Mwaka huo haukuisha kabla Essous hajaondoka, baadaye akawa miongoni mwa waasisi wa Bantous de la Capitale, na bendi ikabaki polepole mikononi mwa mpiga gitaa mnene aliyeitwa Franco. Tangu hapo kila mtu Léopoldville, Kinshasa ya leo, alijua nafasi yake. Mpuliza saksafoni alikuwa kama mgeni wa heshima harusini: anapewa kiti kizuri, lakini haulizwi mahari ni kiasi gani.

Verckys alikaa kwenye kiti hicho miaka kadhaa. Pembeni yake alikuwa Isaac Musekiwa, mpulizaji mkongwe aliyetoka Rhodesia ya Kusini, ambayo sasa ni Zimbabwe, na saksafoni zao mbili ziliipa OK Jazz ya miaka ya sitini ile sauti nzito inayomfanya mtu ageuze kichwa. Musekiwa alikuwa mtulivu, mpangaji. Verckys alipuliza kama mtu anayedai deni. Alikuwa amemsikiliza King Curtis na bendi ya James Brown, akajua kwamba saksafoni inaweza kukoroma, kupiga kelele na kukatakata mdundo badala ya kuusindikiza. Umati ulianza kuja kumwona yeye, na bosi anayeona hivyo huanza kulala jicho moja wazi.

Kilichotokea mwishoni mwa miaka ya sitini kimesimuliwa kwa namna nyingi, lakini kiini ni kimoja. Franco alikuwa safarini Ulaya. Verckys aliwachukua baadhi ya wanamuziki wa OK Jazz studio, akarekodi nyimbo zake na kuzitoa kwa lebo yake mwenyewe, Vévé. Franco aliporudi, nyumba ilikuwa ndogo kwa madume wawili. Mwaka 1969 Orchestre Vévé ilikuwa imesimama kwa miguu yake. Mashabiki wa Franco waliita jambo hilo usaliti. Mimi naliona kuwa ndiyo siku mpuliza saksafoni alipouliza mahari ni kiasi gani.

Orchestre Vévé ya miaka ile ya kwanza ni ya kusikiliza kwa spika kubwa, si kwa simu. Wimbo huanza kama rumba nyingine yoyote, waimbaji wakipokezana maneno kwa upole. Kisha gitaa la kati linaanza kuparuza, besi inatembea badala ya kukaa, na saksafoni mbili au tatu zinaingia pamoja kwa vifungu vifupi vilivyokatwa sawasawa kama mkate. Verckys mwenyewe hujitokeza baadaye, mara nyingi kwa noti moja anayoirudia na kuibana mpaka inachubuka. Santuri za wakati huo, zile ndogo zenye tundu kubwa katikati, ziliukata wimbo vipande viwili. Upande wa kwanza ulikuwa wa kusikiliza na kuambiana maneno. Kisha mtu aliinuka, akaigeuza santuri, na upande wa pili ulikuwa wa kazi. Kambini kulikuwa na wazee ambao upande wa kwanza waliusikia siku ya kununua tu.

Mbele ya bendi walisimama waimbaji watatu, Matadidi Mario, Loko Massengo aliyeitwa Djeskain, na Saakul aliyejipa jina la Sinatra. Majina yao matatu yaliungana kuwa Trio Madjesi. Walivaa, waliruka, walicheza kama Wamarekani weusi waliowaona kwenye picha, na kwa muda mfupi hapakuwa na onyesho la kulishinda lao mjini Kinshasa. Mwaka 1972 wakaondoka kuanzisha Sosoliso. Walimfanyia Verckys yaleyale aliyomfanyia Franco, na walimfanyia mapema zaidi.

Mwaka huohuo ndipo alipotoa utunzi uliomtia matatani na kumpa heshima kwa pamoja, Nakomitunaka. Rais Mobutu alikuwa ametangaza siasa yake ya uhalisia wa Kiafrika, nchi ikaitwa Zaire, majina ya Kizungu yakapigwa marufuku na Georges akabaki Kiamuangana. Kanisa Katoliki chini ya Kadinali Malula lilipinga, na Malula akalazimika kukaa kwa muda Roma. Katikati ya ugomvi huo ukaja wimbo wa mtu anayejiuliza, na kumuuliza Mungu, ngozi nyeusi ilitoka wapi, na kwa nini katika picha za kanisani malaika na watakatifu wote ni weupe ilhali shetani ndiye mweusi. Maaskofu walikasirika. Serikali ilifurahi. Ni rahisi leo kusema kwamba Verckys aliuimbia upepo wa Mobutu, na hakuna shaka kwamba wimbo ulitoka wakati uliomfaa. Lakini mtoto aliyefunzwa muziki na watu ambao nabii wao alikufa katika jela ya Wabelgiji hakuhitaji kusubiri Mobutu ndipo ajiulize swali hilo. Hata kwetu Nsambya, kilima chenye sanamu nyingi za watakatifu, swali hilo lingefaa kuulizwa, ingawa kwa sauti ya chini.

Septemba 1974 Kinshasa ilijaa wageni. Pambano la Muhammad Ali na George Foreman lilisogezwa hadi tarehe 30 Oktoba baada ya Foreman kuchanika juu ya jicho, lakini tamasha la muziki lililopangwa kwenda nalo halikungoja. James Brown, B.B. King, Celia Cruz na Miriam Makeba walipanda jukwaani pamoja na Wazaire. Inasimuliwa kwamba James Brown alipomsikia Verckys alimvika jina ambalo yeye mwenyewe alizoea kuitwa, Mister Dynamite. Kama kweli alisema hivyo au ni masimulizi ya mashabiki, si neno. 

Sasa nifike kwenye daftari la hesabu.

Verckys aliona jambo ambalo wanamuziki wengi huliona wakiwa wamechelewa. Vijana wa Kinshasa walikuwa na vipaji vya kumwaga, lakini hawakuwa na vyombo. Gitaa la umeme, kikuza sauti, seti ya ngoma, hivyo vyote vilitoka Ulaya kwa fedha za kigeni. Yeye alinunua vyombo, akawapa vijana, nao wakarekodi kwa lebo yake. Kwa njia hiyo zilipita mikononi mwake bendi ambazo jina lake halimo: Bella Bella ya ndugu Soki, Lipua Lipua, Kiam, na nyinginezo nyingi. Nyboma, yule mwenye sauti nyembamba iliyofanya wimbo Kamale ujulikane kutoka Kisangani hadi Mombasa, alipitia kwake. Aliyedhani anampenda Nyboma na hampendi Verckys alikuwa akimlipa Verckys bila kujua.

Mwaka 1978 alifungua Vévé Centre, jengo lake mwenyewe la muziki na starehe katikati ya maisha ya usiku ya Kinshasa. Mwaka huohuo Franco alifungwa kwa muda kwa ajili ya nyimbo zilizohesabiwa kuwa za matusi, na uongozi wa chama cha wanamuziki wa Zaire ukaangukia kwa Verckys, mpulizaji aliyekuwa amefukuzana naye miaka kumi kabla. Kilichobaki kilikuwa kiwanda. Mazadis, kiwanda cha santuri ambacho Mobutu alimkabidhi Franco alipotaifisha mali za wageni, kilidhoofika. Verckys akafungua chake, Izason, mwaka 1984. Kufikia hapo mtu mmoja aliweza kumpa kijana gitaa, kumrekodi, kuchapa santuri yake, kuiuza na kumpa jukwaa la kuipigia.

Wapo wanaosema hiyo ndiyo hadithi ya mafanikio, na wapo waliopita katika mikono hiyo ambao hawaisimulii kwa tabasamu. Aliyemiliki vyombo alimiliki pia bendi. Mkigombana na mwenye gitaa, mlirudi nyumbani mikono mitupu na jina lenu likabaki kwenye santuri zake. Bendi nyingi za vijana zilivunjika au kugawanyika chini ya paa lake, kila kipande kikipewa jina jipya na vyombo vipya, na kila jina jipya likiuza. Sisemi alikuwa mnyonyaji kuliko Wagiriki na Wabelgiji waliomiliki studio kabla yake. Nasema hakuwa tofauti nao kiasi ambacho mtu angetarajia kwa aliyewahi kupuliza kwa mshahara. Hili mashabiki wa Verckys hawapendi kulisikia, na niliwahi kutolewa kwenye kiti changu katika baa moja ya barabara ya Ggaba kwa kulisema.

Muziki huu ulifikaje Nsambya? Si moja kwa moja kutoka Kinshasa. Ulizunguka kwa Nairobi, ambako kulikuwa na viwanda vya santuri na lebo zilizochapa nyimbo za Kongo kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki. Kampala haikuwa na kiwanda. Na baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, maduka mengi yaliyouza santuri yalibadilisha wenyewe au yakafa. Mwanamuziki wa Uganda aliyetaka kurekodi vizuri alipanda basi au treni kwenda Nairobi, na santuri zilirudi kwa njia hiyohiyo, nyingine mizigoni mwa watu wa reli walioshuka Kampala na kupanda kilima kwenda kwenye kota zao Nsambya.

Kipindi hicho hicho ndicho kilichomzaa Matovu kama tunavyomjua. Enzi za Amin, mwajiri wa uhakika wa mpulizaji alikuwa serikali. Jeshi, polisi na magereza walikuwa na bendi, na kikosi cha Masaka kilichoitwa Suicide kilijulikana kwa dansi lake kama kilivyoogopwa kwa mengine. Mwaka 1975 wanamuziki waliotoka Cranes Band, Moses Matovu akiwa mmoja wao na mpulizaji mwingine, Charles Ssekyanzi wa tarumbeta, wakiungana na wenzao, walianzisha Afrigo. Hawakuwa na kiwanda, hawakuwa na jengo la ghorofa, na hawakuwa na Mobutu. Walichokuwa nacho ni mpango wa kugawana na ukaidi wa kutoachana. Vita vya 1979 vilivyomwondoa Amin vikapita. Amri za kutotoka nje usiku zikaja, na aliyeingia dansini jioni alijua atatoka asubuhi. Kadongo kamu, ule muziki wa gitaa moja na hadithi ndefu, ukawachukua wasikilizaji wengi kwa sababu rahisi kwamba haukuhitaji kumlisha mpulizaji hata mmoja. Kisha ikaja miaka ya wasanii wa kuigiza juu ya kanda. Afrigo ikabaki, Matovu akiimba na kupuliza, Joanita Kawalya na Rachel Magoola wakipita mbele yake na kuwa nyota. Magoola alikuja kuwa mbunge, na saksafoni ikabaki jukwaani.

Nikiwaweka wawili hao pamoja, naona majibu mawili kwa shida ya yule jirani yangu mwenye saksafoni ya ghala. Verckys alinunua ghala. Matovu alikataa kuondoka chumbani. Nani alipuliza vizuri zaidi ni ubishi wa wazee na siutaki, ila nitasema hivi: Verckys alipozidi kuwa tajiri, alipuliza kidogo zaidi. Santuri zake bora karibu zote ni za kabla ya Vévé Centre kufunguliwa. Mwenye jengo ana mambo mengi ya kufanya jioni kuliko kulowanisha kijiti.

Miaka ya themanini na tisini haikuwa na huruma kwa watu wa santuri. Kaseti za wizi zilijaa sokoni kuanzia Kinshasa hadi Owino ya Kampala, wanamuziki wakakimbilia Paris na Brussels, na uporaji uliofanywa na wanajeshi wasiolipwa mwaka 1991 na tena 1993 uliumaliza uchumi wa Kinshasa uliokuwa tayari umechoka. Muziki wenyewe pia ulibadilika. Soukous, ile rumba ya mbio ya Paris, ilikimbia kasi mno kwa saksafoni, na kinanda kilichoweza kuigiza tarumbeta nne kwa kidole kimoja kiliwatoa wapulizaji kazini. Ukiingia harusi ya Kampala leo utamkuta kijana mwenye saksafoni peke yake, kompyuta ikimpigia bendi nzima nyuma yake.

Mwaka 2014 lebo ya Analog Africa ya Ujerumani ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za Verckys na Orchestre Vévé za kati ya 1969 na 1978. Vijana wa Ulaya ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa Nakomitunaka ilipotoka walianza kuzicheza katika kumbi zao. Tofauti na wanamuziki wengi wa Kiafrika wa kizazi chake, ambao hugundua kwa mjukuu kwamba nyimbo zao zinauzwa ng'ambo, Verckys alikuwapo, alikuwa mwenye kazi zake, na ilibidi aulizwe. Alifariki Kinshasa tarehe 13 Oktoba 2022, akiwa na miaka 78.

Kwa anayetaka kuanza kumsikiliza, namshauri asianze na zile nyimbo za dansi. Aanze na OK Jazz ya katikati ya miaka ya sitini na atege sikio nyuma ya waimbaji, azitafute saksafoni mbili: iliyotulia ni ya Musekiwa, isiyotulia ndiyo anayoitafuta. Kisha Nakomitunaka, taratibu, hata kama Kilingala hakipandi. Halafu Bassala Hot, ambayo haihitaji lugha. Na kama nyumba ina majirani wagumu, basi aicheze kabla ya saa nne usiku, kwa kuwa bati la yuniporti halizuii saksafoni.